Mungazi na Majirani Wake: Historia ya Shamba la Wazee Kando ya Tanganyika



Ukitoka Uvira kwa barabara ya ziwa kuelekea Baraka, ukiisha kupita Makobola na Swima, utaona mingazi imesimama makundi makundi mahali ambapo hakuna nyumba hata moja. Mgeni huuliza: nani aliipanda huko juu, tena bila mistari? Muzee yeyote wa kwetu atajibu kwa neno moja: matongo. Maana yake, pale palikuwa mugini. Watu walihama, nyumba zikaanguka, kuta za udongo zikarudi kuwa udongo, lakini kokwa zilizotupwa nyuma ya jiko zikaota. Kabla Leta haijaleta karatasi na ramani, sisi tulikuwa na ramani yetu, na iliandikwa kwa mingazi.

Katika kitabu hiki cha chama chetu wengine wameandika juu ya ngoma, mahari na majina ya watoto. Mimi niliombwa kuandika juu ya kilimo cha zamani. Nimechagua muti mumoja, lakini siwezi kuusema peke yake, juu mungazi wa wazee wetu haukukaa peke yake hata siku moja. Ulikuwa na majirani chini yake: mihogo, mateke, maharagi, ndizi, pilipili. Historia ya muti bila majirani imekwisha kuandikwa mara nyingi, kwa tani na kwa faranga. Ile ya majirani haijaandikwa sana, pengine kwa sababu ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Kwanza tusikilizane juu ya jina. Kwetu muti ni mungazi na matunda ni ngazi. Ndugu zetu wa Kigoma wanasema mchikichi, na wasemaji wa Lingala wanasema mbila. Mafuta yenyewe karibu wote tunayaita mawese. Mutu wa pwani akisikia kwamba tumepanda juu ya mungazi ili kukata ngazi atafikiri tumechanganyikiwa, maana kwake ngazi ni ile ya kupandia darini. Tumuache na dari lake.

Muti wa mutu

Vitabu vya mimea vinauita Elaeis guineensis, na vinasema asili yake ni Afrika ya magharibi na ya kati. Si muti uliokuja na meli. Wataalamu wanaochunguza vumbi la maua lililozama katika matope ya maziwa wameona kwamba miaka kama 2500 iliyopita pori kubwa la Afrika ya kati lilifunguka sehemu nyingi, na wakati ule ule vumbi la mungazi likaongezeka sana. Wengine wanasema sababu ni ukame, wengine wanasema ni watu na shoka zao, na ubishi huo haujaisha. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta kokwa za ngazi zilizoungua, pamoja na vigae vya vyungu, katika makao ya zamani sana ya bonde la Kongo.

Tabia ya muti wenyewe inaeleweka bila darubini. Mungazi unapenda jua. Ndani ya pori zito kokwa inaota kwa shida na mche unakufa kwa giza. Lakini mutu akifyeka na kuchoma, mungazi mkubwa unabaki mzima, juu moyo wake uko kule kileleni katikati ya majani, mbali na moto. Mukulima naye anauacha makusudi. Ndege na panya wanabeba matunda, watoto wanatupa kokwa, na shamba likilala miaka kumi mingazi inakuwa mingi kuliko mwanzo. Likirudiwa tena, inaongezeka tena. Hivi hakuna aliyeipanda, na hakuna asiyeipanda. Si muti wa pori, si muti wa shamba. Ni muti wa mutu: unamfuata kama mbwa.

Wageni wa kwanza waliouandika waliukuta tayari umezoea watu. Mwingereza Richard Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na Speke, alieleza juu ya mchikichi na mafuta yake katika nchi za kando ya Tanganyika. Livingstone, alipoingia Manyema mwaka 1869, aliandika juu ya miti ya jamaa ya mitende iliyosimama hata kwenye vichwa vya milima. Aliyejua kusoma matongo angemwambia kwamba juu ya ile milima watu walikaa.

Na majirani? Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Kunde na viazi vikuu ni vya Afrika. Ndizi na mateke vilitoka Asia, zamani sana. Lakini mahindi, mihogo, maharagi na karanga vyote vilitoka Amerika, vikaingia kwa meli za Wareno kuanzia karne ya 16, kisha vikatembea polepole kutoka bahari mpaka kwetu. Mpunga uliletwa Manyema na Waungwana wa misafara, watu wa Tippu Tip na wenzake, katika karne ya 19. Kwa hiyo ile sahani tunayoiita chakula cha mababu, yaani bukari ya mihogo na sombe iliyopikwa kwa mawese, ndani yake cha mababu wa kweli ni mawese peke yake. Mihogo ni mgeni aliyepewa binti wa nyumba. Walipatana vizuri, maana jani la muhogo bila mafuta ni chakula kigumu, na ule wekundu wa mawese una vitu ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Nyanya zetu hawakujua neno vitamini, ila walijua kwamba mtoto aliyekula sombe na mawese anaona vizuri jioni.

Shamba la nyanya

Nyanya yangu, mama wa baba, alikuwa na shamba kwenye mteremko kati ya Swima na Mboko. Nilikua ndani yake, na nitalieleza kama nilivyoliona, kisha nitasema kwa nini lilifanya kazi.

Shamba lenye mingazi lina miaka mitatu ya maisha, sisemi miaka ya kalenda, nasema nyakati. Wakati wa kwanza mingazi ni midogo na jua ni la wote. Hapo walipanda mahindi na maharagi pamoja, halafu mihogo, na kati yake maboga yanayotambaa. Maharagi na karanga yana vinundu kwenye mizizi ambavyo hushika chakula cha hewa na kukiacha udongoni. Maboga hufunika ardhi, magugu yanakosa nafasi na mvua haipigi udongo moja kwa moja. Mihogo ndiyo yenye tamaa, juu inavuta sana nguvu ya udongo, hasa potasi, ambayo mungazi nao unaitaka. Kwa sababu hiyo nyanya hakuruhusu muhogo karibu na mche wa mungazi. Alipima kwa mpini wa jembe, pande zote, na ndani ya ile duara aliacha paka maharagi au majani yaliyokatwa.

Wakati wa pili unaanza baada ya miaka mitano au sita, majani ya juu yanapoanza kugusana. Giza linashuka. Mahindi yanakuwa membamba sawa mutoto wa yatima, maharagi yanatoa majani matupu. Yanayovumilia ni mateke, tangawizi, pilipili, na mananasi kwenye kingo. Mateke hasa yanapenda mahali pa baridi na maji. Ndizi alizisukuma mpaka karibu na nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.

Wakati wa tatu unafika muti ukipita miaka ishirini na kuwa mrefu. Jua la asubuhi na la jioni linaingia chini yake kwa ubavu, na jirani wa zamani wanaweza kurudi, ingawa si kwa nguvu ile ya kwanza.

Siri ya matongo ni kwamba nyakati zote tatu zilikuwa pale pamoja. Kwa kuwa mingazi ilijiotea, mumoja ulikuwa mzee, wa pili kijana, wa tatu mche, na kati yake kulikuwa na matundu ya jua. Mwanamuke alihamisha maharagi yake akifuata matundu. Agronomu wa Wabeleji aliyeona shamba la namna hiyo aliandika kwamba ni fujo. Ilikuwa na mpango, lakini mpango wake haukuonekana kutoka barabarani.

Majani yaliyokatwa hayakuchomwa. Yalilazwa kwa kukingama mteremko, yakashika udongo wakati wa mvua, yakaoza. (Yalifuga pia panya, na nyoka anayekuja kwa ajili ya panya. Tuliogopa sana kutumwa kule.)

Sasa, kazi za muti wenyewe. Nikisema mafuta nimesema nusu. Nyama ya tunda inatoa mawese: ngazi zinachemshwa, zinatwangwa kwenye kinu, zinakamuliwa, na siku hizi wengi wanapeleka kwa mwenye mashine ya kuzungusha kwa mikono, ile tunayoita malakseri, wanalipa kwa sehemu ya mafuta. Ndani ya kokwa kuna kiini, nacho kina mafuta mengine meupe, ambayo mama walipaka watoto wachanga. Maganda ya kokwa yanawaka vizuri kuliko kuni nyingi. Jivu la mikungu iliyokamuliwa lilichujwa kwa maji likatoa chumvi, wakati chumvi ya kununua ilikuwa mbali au bei yake ilikuwa mbaya. Jivu lile lile likichemshwa na mawese linakuwa sabuni nyeusi, na wakati wa vita vya juzi waliokumbuka kuitengeneza waliuza mpaka Uvira. Makuti ni paa na uzio. Uti wa jani ni ufagio na kikapu. Ua la kiume likikatwa linatoa malafu, tamu asubuhi na kali jioni. Shina lililoanguka linaingiliwa na mdudu mkubwa mwenye pua, na funza wake, wanene kama kidole gumba, ni nyama ya heshima. Hata ukifa, mungazi unalisha watu.

Wapandaji walipanda kwa mukanda wa kamba kiunoni, na kila mugini unakumbuka aliyeanguka. Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Kuchemsha, kutwanga, kubeba na kuuza ilikuwa ya wanawake, lakini pesa ilihesabiwa kama ya mwenye muti. Juu ya jambo hilo nitarudi.

Leta na mistari yake

Mwaka 1911 serikali ya Ubeleji ilifanya mkataba na Lever, yule Mwingereza wa sabuni. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki ya kuchagua mpaka hekta 750.000 ndani ya maduara matano, na vituo vyake vikaitwa Leverville, Alberta, Elisabetha, Brabanta na Flandria. Kwetu ziwani duara halikufika, lakini mawazo yalifika. Mingazi ambayo nimeita muti wa mutu iliandikwa kuwa pori lisilo na mwenyewe. Waliokuwa wakikata ngazi zao wenyewe walianza kuzikata kwa kampuni, kwa bei ya kampuni, na kodi ilihakikisha kwamba wanakata. Katika nchi ya Wapende, Kwango, mwaka 1931, bei ya ngazi iliposhuka na kodi kubaki juu, watu waliinuka, na jeshi likaua mamia.

Jambo la pili lilitugusa moja kwa moja. Kuanzia 1917 Leta iliweka mimea ya lazima. Kila mwanamume alitakiwa kulima kile alichoambiwa, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, tangu 1942, siku zikaongezwa mpaka 120. Katika uwanda wa Ruzizi ilikuwa pamba, mahali pengine mpunga, karanga, mihogo, na mingazi pia. Moniteri alipita na kamba ya kupimia, na aliyekosa alipata fimbo au gereza. Wakati huo huo watu walishushwa kutoka milimani na kupangwa kando ya barabara, ili kodi na dawa ziwafikie kwa urahisi. Matongo mengi tunayoyaona leo juu ya Swima na Mboko ni ya wakati ule. Nyumba zilishuka. Mingazi haikuweza kushuka.

Shamba la Leta lilikuwa na sheria nyingine. Mingazi inapandwa kwa pembetatu, metre 9 kutoka muti hadi muti, inakuwa 143 kwa hekta. Chini yake inapandwa Pueraria, ile kamba yenye majani matatu ambayo hufunika kila kitu. Nisiwe mubaya: Pueraria ni dawa nzuri ya udongo, ni ya ukoo wa maharagi, na ilitoa chakula kwa mingazi bila mbolea ya kununua. Ila hailiwi. Mwanamuke aliyekuja na jembe lake kwenye shamba lile hakuwa na mahali pa kuliweka.

Wataalamu wenyewe hawakuwa wajinga. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa 1933 na kuweka makao yake Yangambi, ilichunguza jinsi wenyeji wanavyozungusha shamba na pori, na kutoka huko ikatengeneza mpango wa vikanda, yaani mashamba marefu yaliyopakana na mapori yaliyolala, ambao baadaye uliingia katika paysannats. Waliona kwamba miaka ya kwanza ya mingazi inaweza kubeba mihogo, mahindi na mpunga. Kile ambacho nyanya alijua kwa mpini wa jembe wao waliweka kwa metre. Tofauti ni nani aliyekuwa akiamua.

Kosa langu la mbegu

Yangambi ilifanya jambo lingine ambalo kila mukulima wa mungazi hapa kwetu angepaswa kulijua, nami nililijua kwa kuchelewa.

Kuna ngazi za namna tatu. Ya kwanza, dura, ina kokwa yenye ganda nene na nyama kidogo, na ndiyo wengi tunaiona matongoni. Ya pili, pisifera, haina ganda, lakini mara nyingi mikungu yake inaoza kabla ya kukomaa. Ya tatu, tenera, ina ganda jembamba na nyama nyingi. Watu waliona tenera nzuri wakachukua mbegu zake, na kila mara watoto walitoka mchanganyiko. Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walieleza sababu katika maandishi yao ya 1941: tenera si kabila, ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizalisha dura na pisifera, watoto wote ni tenera. Ukizalisha tenera na tenera, kwa kila miti minne utapata kama mumoja dura, miwili tenera, na mumoja pisifera ambao karibu hauzai. Tenera inatoa mafuta kama asilimia 30 zaidi ya dura kutoka mkungu wa uzito ule ule, na mashamba makubwa ya mingazi duniani, mpaka Malaysia na Indonesia, yamejengwa juu ya maneno hayo kutoka ukingo wa mto Kongo.

Mimi, mwalimu, mwenye diploma, sikuyajua. Niliokota mbegu chini ya mingazi mizuri ya jirani, nikatengeneza pepinyeri, nikapanda miche 60 kwa mistari, nikajivuna. Mwaka wa tano nilianza kuhesabu. Mingi ilizaa, ila mingine ilikuwa na kokwa nene sawa ile ya matongo, na kama kumi na tatu hivi ilitoa maua, mikungu midogo, halafu uozo. Nilisema ni ugonjwa. Nilisema ni jicho la watu. Agronomu mumoja alipita, akakata tunda kwa kisu, akacheka, akanichorea ile hesabu kwenye mchanga. Kumi na tatu kwa sitini, na hesabu inataka kumi na tano. Shamba langu lilikuwa limefuata kitabu ambacho sikuwa nimekisoma. Tangu hapo nawaambia watu: mbegu ya tenera haiokotwi chini ya tenera. Inunuliwe kwa anayezalisha dura na pisifera, na kama pesa haiko, heri dura nzuri ya matongo, angalau unajua unachopata.

Muti kama karatasi

Baada ya uhuru sitakaa sana. Wakati ule Kongo ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa mawese duniani. Uasi wa 1964, zaïrianisation ya tarehe 30 Novemba 1973, barabara zilizokufa, vyote vilikula ile nafasi, na leo mafuta ya kutoka ng'ambo yanauzwa kwenye masoko yetu. Kwa muti wa mugini haikubadilisha mengi. Yeye hakuwahi kuwa na kampuni.

Lililo zito ni vita na ardhi. Mwaka 1996, na tena 1998, maelfu ya watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa kwa mitumbwi wakaenda Kigoma, kambi za Nyarugusu na Lugufu. Wengi walianza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka tangu 2005. Waliporudi, nyumba hazikuwepo, mipaka ilikuwa nyasi, na wazee wa kushuhudia walikuwa wamebaki makaburini Tanzania. Mashahidi waliosimama walikuwa mingazi. Niliona kwa macho yangu familia mbili mbele ya muzee wa mugini, kila moja ikitaja mingazi kwa majina: ule wa baba mukubwa, ule uliopigwa na radi, ule ambapo kitovu cha fulani kilizikwa. Aliyejua majina yote alipewa shamba.

Si ajabu. Kwa desturi zetu nyingi za mashariki, mimea ya mwaka mmoja ni ya mgeni na muti wa kudumu ni wa mwenyeji. Kule Bushi, aliyepewa shamba kwa bwasa aliruhusiwa maharagi na mahindi lakini si migomba, juu mugomba unakaa, na anayepanda kinachokaa amesema naye anakaa. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Leta, na ardhi ya desturi ingepangwa kwa ordonansi ya Rais. Miaka ilipita kwa makumi bila ile ordonansi, na watu wakaendelea kuandika haki yao kwa miti. Ng'ambo ya pili, Rumonge nchini Burundi, waliokimbia mauaji ya 1972 walirudi na kukuta mingazi yao inavunwa na wengine, na tume ya ardhi iliyoundwa kule 2006 ilipata kazi nyingi kwa sababu ya mashamba ya namna hiyo.

Kwa hiyo tangu watu warudi, wanapanda mingazi kwa haraka. Wanapanda metre 7, wengine 6, si kwa ajili ya mafuta, bali ili jirani asipate nafasi ya kuweka jembe. Naelewa hofu hiyo. Lakini ile kamba ya metre 6 inamfunga mtu ambaye hakuulizwa. Muti ni wa mwanamume, kivuli kinaanguka kwa mwanamuke. Ndani ya miaka minne giza limeshuka, mihogo imekwisha, maharagi yamekwisha, naye anatafuta shamba la kukodi mbali, ambako harusiwi kupanda kitu kinachokaa. Mungazi wenyewe, ukibanwa, unarefuka kutafuta jua na unazaa kidogo.

Hapo ndipo ugomvi wa majani unatoka. Mwanamuke anaomba majani yakatwe ili jua lifike chini. Mwanamume anakataa, au anakata yote mara moja kwa hasira mpaka muti unabaki sawa ufagio uliogeuzwa. Wote wawili wana sababu. Mungazi unabeba maua ya kike na ya kiume kwa zamu juu ya shina moja, na ukiteswa, kwa ukame au kwa kukatwa majani mengi, unatoa zaidi maua ya kiume, yaani hakuna mikungu. Muti mukubwa unataka majani kama 40. Wazee walikata yale ya chini tu, wakaacha majani mawili chini ya mkungu uliokomaa. Zaidi ya hapo unawapa maharagi jua na kuwanyima watoto mafuta. Dawa ya giza si panga. Dawa ni nafasi, na nafasi inaamuliwa siku ya kupanda.

Mwaka jana familia yetu iligawa upya ule mteremko wa nyanya. Ndugu zangu walitaka mistari ya metre 7 mpaka kwenye barabara. Shangazi yetu, mkubwa wa wote waliobaki, hakubishana. Alichukua jembe akalilaza chini mara kwa mara kutoka mungazi mumoja wa zamani mpaka mwingine, akahesabu kwa sauti, na kila mahali alipolilaza akataja kilichokuwa kimepandwa pale wakati mama yake yuko hai: maharagi, mateke, tena mateke, pilipili, lenga-lenga. Ilichukua karibu nusu saa na hakuna aliyemkatiza. Mwisho tulikubaliana metre 9 ndani ya mistari miwili iliyo pamoja, halafu nafasi ya metre 15 bila mungazi, halafu mistari miwili tena. Mipaka ya juu na ya chini tumeifunga kwa mingazi, ili yule mwenye hofu apate usingizi. Zile metre 15 zimeandikwa kwenye karatasi ya familia kwa majina ya shangazi na mabinti zake, na msimu wa mvua wa mwezi wa kumi walianza kupanda.

Ile kumi na tatu isiyozaa, niliikata mwenyewe. Tulikunywa malafu yake siku nne, na funza wake tuliwala mwezi uliofuata.